Gundi ya Muhogo

Gundi nzuri haiuzwi dukani.
Unachukua unga wa muhogo, ule uliovunda kidogo
ambao mama wa sokoni anaona haya kuupima,
unaukoroga kwenye maji moto mpaka uvute kama deni,
kisha unapanda Kadutu na ndoo, giza bado limelala milangoni.

Hivyo ndivyo nilivyombandika Cirhulwire mara ya kwanza.
Alikuwa mwalimu wetu wa jiografia,
mtu wa suruali moja na sauti ya suruali tano.
Kwenye picha anacheka kama aliyeona mshahara unakuja.
Karatasi ya kura ilikuwa pana kama shuka la wageni;
bibi yangu Ntakwinja aliikunjua, akaikunja,
akatoka akaniuliza:
"Yule mwalimu wako, nimemlaza upande gani?"

Alisema, Nyamugo nitawajengea ngazi.
Za saruji. Mia moja na kumi na mbili,
toka mferejini mpaka barabarani,
mvua isitushushe tena pamoja na masufuria yetu.
Alikuwa amezihesabu kwa miguu yake mwenyewe,
hilo nalishuhudia, nilimshikia viatu.

Tulimpa miaka mitano.
Akakaa kumi na miwili, maana uchaguzi
uliahirishwa, ukaahirishwa tena,
hata watoto wakadhani Muheshimiwa
ni jina alilobatizwa nalo.

Mara moja alisimama kwenye bunge la jimbo akazitaja ngazi.
Redio ilirusha. Tulipandisha sauti mpaka betri zikafa.
Alinunua gari jeupe lisilofika kwetu, njia hakuna.
Siku ya kumchagua gavana alirudi usiku
na bahasha ambayo hakuna aliyeiona
na kila mtu anajua unene wake.
Halafu posho zikakawia miezi kumi,
mkewe akaja kuazima chumvi kwa fundi viatu.
Ngazi kumi na tisa zikajengwa.
Ya ishirini bado imevaa mbao zake, zimeota uyoga.

Kampeni ya pili ilikuwa tisheti, vitenge, ngoma juu ya lori.
Nilikuwa na vijana sita na ndoo sita.
Picha ileile ya zamani, kicheko kilekile,
huku mwenyewe amepata mvi na kidevu cha akiba.
Safari hii palikuwa na mashine; uso unauona kwenye kioo, unaugusa.
Bibi alimgusa kwenye paji,
taratibu, kama anayempima homa.
Alishinda.

Ya tatu alikuja peke yake, saa mbili usiku,
ndoo mkononi, bila mlinzi, bila gari.
Mpinzani wake Nshobole anauza saruji:
kila nyumba ilipata nusu mfuko.
Nusu mfuko! Unajengea nini? Lakini unaushika, una uzito.
Mchana nilimbandika Nshobole kwa dola mbili ukuta mmoja,
usiku nikambandika mwalimu bure.
Alishika pembe za karatasi, mimi nikapaka.
Hatukuongea siasa.
Aliniuliza mto Ruzizi unatoka wapi kwenda wapi,
nikajibu, akasema vizuri.

Alikosa kura arobaini na moja.
Mimi nilimpigia nani, usiniulize.

Mwezi wa tatu mvua ilibandua ukuta wote wa kanisa,
karatasi zikaanguka pamoja, nzito kama jalada la kitabu,
Nshobole juu, chini yake mvi, vitenge, lori,
na chini kabisa, palepale kwenye tofali, yeye wa kwanza,
anacheka.
Mbuzi wa jirani akaanza kumla kidevu.

Jana nilimkuta anapanda kwenda kufundisha,
chaki mfukoni, pumzi fupi.
Alisimama kwenye ngazi ya kumi na tisa,
akatazama ukuta, kisha mimi.
"Ule muhogo," akasema, "ni wa wapi?"
"Wa Walungu, mwalimu."
Akatikisa kichwa, akakunja suruali mpaka magotini,
akaingia kwenye tope.